Tumbo dogo sio lazima mama hali

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Mjamzito akiwa na tumbo dogo basi kila mtu ni daktari, ooh huli, ooh unajinyima, na mimi niliambiwa hivyo hivyo nikala mpaka nikavimbiwa, kumbe shida haikuwa kwenye sahani, ilikuwa kwenye kondo la nyuma. Kondo ndo linampitishia mtoto chakula na oksijeni, sasa kama mishipa ya kulilisha haikutanuka vizuri tangu mimba ikiwa changa, damu inapita kidogo, mama ananenepa mtoto anabaki vilevile. Presha inachangia, sigara pia, na wakati mwingine sababu haionekani kabisa.

Kinachoniuma ni kadi yangu ya kliniki. Kuanzia wiki ya 24 hivi ule urefu wa tumbo wa kwenye tepu unakaribiana na idadi ya wiki. Yangu ilisomeka wiki 28 sentimita 27, wiki 32 sentimita 28, wiki 34 sentimita 29, kila namba kaandika mtu tofauti na kalamu tofauti, hakuna aliyezisoma kwa pamoja! Namba moja moja haitishi, ila ukizipanga unaona mtoto kasimama.

Halafu akapunguza kucheza. Nikaambiwa anapumzika, nafasi imebana. Sio kweli jamani, hata mwezi wa mwisho mtoto hatakiwi kupunguza kucheza, akipunguza unaenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mimi nilienda kwa ubishi tu, wakanipima ultrasaundi ya dopla inayoangalia damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu cha mtoto, na hapo ndo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba kondo limechoka. Dawa ya kulitengeneza haipo, kazi ya daktari ni kufuatilia kwa karibu na kuchagua siku ya kumtoa, mapema sana mapafu hayajakomaa, ukichelewa anaweza kufia tumboni.

Wangu alitoka wiki ya 35 na kilo 1.6, ngozi inaning'inia mapajani kama kavaa suruali ya mtu mwingine. Nikadhani tumeshavuka, kumbe watoto hawa wanazaliwa bila akiba, mafuta hakuna na sukari ya kwenye ini kidogo, kwa hiyo sukari inashuka na baridi inawapata haraka. Alikuwa anatetemeka vidole, wakawa wanamtoboa kisigino kupima sukari kila baada ya masaa machache, na mimi nakamua maziwa tone kwa tone kwenye kijiko, huku nimemfunga kifuani ngozi kwa ngozi.

Ombi langu kwa manesi, kabla hujaandika namba mpya angalia ya mwezi uliopita. Dakika moja tu.

Mtoto anakimbia siku hizi, ila mama mkwe bado ananiuliza nilikuwa nakula nini.

Mama wa kilo 1.6