Barua ya Wazi kwa Washambuliaji Wangu wa Soka: Msiiguse Miaka Yenu

Wanangu,

Baada ya salamu, nawaandikia hadharani jambo ambalo ningeweza kuwaambia jioni pale uwanjani, kwa sababu limeshavuka mipaka ya uwanja wetu na wazazi wenu nao wanahusika. Wiki iliyopita mmoja wenu alinijia nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa ambacho karatasi yake bado ilikuwa inanukia wino, nacho kilisema kwamba kijana huyu amezaliwa miaka mitatu baada ya siku ile niliyokula pilau la akika yake. Aliniomba ninyamaze wasaka vipaji watakapokuja. Sikumkaripia, nilimuuliza tu sababu, naye akanijibu, "Babu, kwa miaka yangu ya kweli mimi nimeshazeeka." Ana miaka 19.

Najua maneno hayo yametoka wapi. Kila jioni kabla ya mazoezi nawaona mmeinamia simu moja, mnahesabu umri wa nyota wa Ulaya kama watu wanaohesabu deni: huyu kaanza na miaka 16, yule na 17, na kila hesabu inapokwisha mnainuka mabega yakiwa yamelegea. Basi kwa kuwa mnapenda hesabu za umri, nami nawaletea yangu.

Tarehe 1 Julai 1976 walizaliwa watoto wawili nchini Uholanzi. Mmoja alizaliwa Amsterdam, akaitwa Patrick Kluivert. Mwingine alizaliwa Oss, mji wa kusini katika mkoa wa Brabant, akaitwa Ruud van Nistelrooy. Wote wawili walikuja kuwa washambuliaji wa kati, wote wakavaa jezi ya rangi ya chungwa ya taifa lao, na kwa mtu anayetaka kupima nini hasa umri unaamua katika soka, sijui mizani iliyo sawa kuliko hiyo.

Kluivert, ambaye baba yake alikuwa mwanasoka kutoka Suriname, aliingia shule ya soka ya Ajax, klabu ya Amsterdam, akiwa na miaka 7. Mwaka 1994 kocha Louis van Gaal alimpandisha timu ya wakubwa, na katika msimu huo wa kwanza Ajax walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, yeye akiwa na mabao 18. Tarehe 24 Mei 1995, jijini Vienna, katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya AC Milan, aliingia akitokea benchi. Zikiwa zimebaki dakika tano, Frank Rijkaard alimpenyezea pasi, naye akajipitisha katikati ya mabeki na kuuwahi mpira kwa ncha ya mguu huku mwenyewe akianguka. Lilikuwa bao pekee la mchezo. Alikuwa bado hajatimiza miaka 19.

Na yule mwenzake wa tarehe moja, siku hiyo alikuwa wapi? Alikuwa FC Den Bosch, klabu ya daraja la pili, na wala hakuwa mshambuliaji kwa maana tunayoifahamu. Alianza akichezeshwa nyuma zaidi, kwenye kiungo, kabla ya kusogezwa mbele. Msimu uliofuata, wakati Kluivert ni bingwa wa Ulaya, Van Nistelrooy alicheza mechi 21 za ligi na kufunga mabao mawili. Nirudie: mawili. Kama angekuwa hapa kwetu, pale kijiweni mngeshamwambia aende akaendeshe bodaboda.

Alikaa Den Bosch hadi mwaka 1997, mechi 69 na mabao 17 kwa jumla, kisha akachukuliwa na Heerenveen ya ligi kuu. Alikuwa na miaka 21. Mwaka mmoja baadaye PSV Eindhoven walimnunua kwa bei ambayo haijawahi kulipwa kabla ya hapo kati ya klabu mbili za Uholanzi, na katika msimu wake wa kwanza huko akafunga mabao 31 katika mechi 34. Jezi ya taifa aliivaa kwa mara ya kwanza Novemba 1998, dhidi ya Ujerumani. Hakuna aliyemfutia mwaka hata mmoja kwenye karatasi zake ili afike hapo.

Nisieleweke kwamba namdharau Kluivert. Alifunga mabao 40 katika timu ya taifa, rekodi iliyodumu mpaka Robin van Persie alipoivunja mwaka 2013. Lakini nyinyi mnaiona miaka 18 ya Vienna, hamwioni miaka 11 ya shule ya soka iliyotangulia. Isitoshe, umaarufu wa mapema una uzito wake. Septemba 1995, miezi minne tu baada ya bao lile, gari aliloliendesha liligongana na jingine na mtu akapoteza maisha, na mahakama ikampa adhabu ya kazi za jamii. Alipohamia Milan mwaka 1997 alipata mabao sita tu ya ligi kabla hajaondoka kwenda Barcelona, ambako ndiko alikosimama tena.

Sasa mtazameni huyu aliyechelewa alichokivuna katika kuchelewa kwake. Mtu aliyecheza kiungo dhidi ya wanaume wazima, akipigwa viwiko na kukosa mpira, anajifunza pasi inatoka wapi kabla haijatoka. Ndiyo maana baadaye, alipokuwa ndani ya eneo la kumi na nane mbele ya goli, alionekana kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua saa yake. Mkimpeleka kijana wa miaka 19 akacheze na watoto wa 16, atawaangusha kwa mwili, atafunga manne, atabebwa juu juu, na hatajifunza lolote. Siku atakaporudishwa kwa wenzake wa kweli ndipo itakapojulikana kwamba alipoteza miaka mitatu, ileile aliyoifuta kwenye cheti. Tena msidhani wakubwa wa soka wamelala: tangu mwaka 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, kukagua umri kwa mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, na mfupa haujui kusema uongo wa karatasi.

Nina jambo la pili, na hili linamhusu kijana wetu wa winga ya kushoto, anayejijua, anayefunga bendeji gotini chini ya soksi ili nisiione.

Aprili 2000 Van Nistelrooy alikuwa amekubaliwa na Manchester United kwa pauni milioni 18.5. Madaktari walipolipima goti lake hawakuridhika, na uhamisho ukasimama. Siku chache tu baadaye, akiwa mazoezini PSV, kamera zikiwa zinarekodi, aliruka kugombea mpira, akatua, na kano ya ndani ya goti ikakatika. Picha zile ninazo kwenye simu, lakini siwaonyeshi, kwa sababu ya ule ukelele wake. Mashindano ya Ulaya ya mwaka huo yalichezwa nyumbani kwao, Uholanzi na Ubelgiji, naye hakucheza. Alikaa nje karibu mwaka mzima. United walimrudia Aprili 2001 kwa pauni milioni 19, na katika msimu wake wa kwanza alifunga mabao 23 ya ligi. Alipoondoka mwaka 2006 alikuwa ameshafikisha mabao 150 katika mechi 219.

Mimi sikuwa na Manchester ya kunirudia. Nilipokuwa na miaka 23 niliuficha uvimbe wa goti ili nisikose mechi moja, na kiongozi mmoja wa timu, ambaye sitamtaja, akanichoma sindano ya ganzi katika chumba cha kubadilishia nguo. Nilicheza dakika zote tisini bila kusikia kitu. Usiku nilirudi nyumbani nimepakizwa kwenye baiskeli, mguu nimeunyoosha mbele kama mpini wa jembe, na tangu siku hiyo mechi zote nimezitazamia pembeni ya mstari.

Wazazi, yule anayewauzia vyeti ananufaika siku anapopokea fedha. Mtoto wenu anabaki na uongo huo kila anapovuka mpaka. Msimpe fedha.

Jumatatu saa kumi jioni nitakuwa chini ya mwembe na daftari langu la usajili. Kila mmoja aje na cheti chake cha awali, hata kama kimechanika. Aliyeniletea bahasha, bahasha yako ninayo mimi, na jina lako halitatoka kinywani mwangu. Na wewe wa bendeji, usivae daluga siku hiyo. Njoo na kandambili, twende pamoja hospitali.

Wenu,
Babu, kocha mstaafu
Tanga