FC 26 na ile ya Konami: barua kwa mwenye kibanda cha Kihesa

Mwanjelwa, Mbeya
Oktoba 2025

Kamwene mnyalukolo wangu,

Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua, tunasubiri mvua.

Swali lako, kama ununue FC 26, gemu mpya ya mpira ya kampuni ya EA, kwa ajili ya kibanda chako cha gemu, sikutaka kulijibu juu juu kwenye simu. Hela unayotaka kuitoa ni ya kibanda, na kibanda ndicho kinacholipa pango na ada za watoto. Kwa hiyo niliicheza kwanza vya kutosha kwenye PS5 ya jirani yangu mwenye kibanda hapa karibu na soko, mchana na vijana wake, usiku tukishafunga mlango tukabaki wawili.

Jibu langu ni kwamba nunua, lakini nunua moja tu, kwa ajili ya ile PS5 yako mpya. Na diski yako ya PES 2021, ile gemu ya mpira ya Konami, usimuuzie mtu yeyote, hata akija na hela nzuri.

Mwaka huu EA wameweka gemu mbili ndani ya diski moja. Ukiingia kwenye mipangilio unakuta aina mbili za uchezaji, Competitive na Authentic. Ya kwanza ndiyo ya mtandaoni, kwenye Ultimate Team, ile ya kujenga kikosi kwa kadi, na Clubs. Ya pili wameitengeneza kwa ajili ya wanaocheza nje ya mtandao, hasa Career Mode, unakoongoza klabu msimu baada ya msimu. Nilipoisoma kwenye matangazo niliichukulia kuwa biashara ya kawaida, maana kila Septemba tunaambiwa mpira umebadilika. Safari hii umebadilika kweli.

Competitive ina kasi. Pasi zinafika upesi, winga anageuka papo kwa papo, na mabeki wanaoongozwa na kompyuta hawakunasii pasi ovyo kama zamani. Ukitaka mpira ukabe mwenyewe. Unakumbuka kwenye FC 25 tulivyokuwa tukilalamika, kipa anapangua shuti vizuri halafu mpira unamrudia mpigaji miguuni, bao? Sasa kipa akipangua anausukumia pembeni, mbali na mshambuliaji. Hilo peke yake limepunguza ugomvi pale kibandani.

Authentic ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Nilichukua Le Havre kwenye Career, na wewe unajua kwa nini: Samatta kasajiliwa pale mwaka huu, na Ligue 1 imo. Tangu lile goli lake la kichwa akiwa na Aston Villa, fainali ya Carabao 2020 dhidi ya Manchester City, sijawahi kuacha kumtafuta kwenye kila gemu inayotoka. Basi dakika za mwisho mwisho, bila kwa bila, nikapata mpira upande wa kulia. Kwenye gemu za nyuma ningekimbia na winga hadi kwenye chaki, nikarudisha pasi ya nyuma, goli, kazi imekwisha. Safari hii beki wao hakutoka kumfuata winga. Alirudi taratibu akifunga njia ya ile pasi, na mwenzake akashika mstari wa ndani. Nikalazimika kupiga krosi. Samatta akapanda na beki, wakasukumana mabega, hakuna aliyeupata vizuri, mpira ukagonga bega la beki ukadundia kwenye nyasi kwa namna ambayo hata mimi sikuitegemea. Kiungo wangu akatokea nyuma na kuupiga ukiwa bado juu juu. Ukapita juu ya mwamba. Goli halikuingia, lakini nilikuwa nimeshasimama, na jirani yangu kasimama na padi mkononi, tunapiga kelele kama tuko uwanja wa Sokoine.

Tulichokuwa tukikipenda Winning Eleven, jina jingine la PES, ni hicho hicho: mpira kuwa kitu chenye uzito wake, kinachoweza kukukatalia hata ukibonyeza sawasawa. Miaka mingi EA walikuwa na kila kitu cha pembeni, majina halisi, viwanja, jezi, watangazaji, na mpira wenyewe ukawa umegandishwa kwenye mguu wa mchezaji. Konami hawakuwa na leseni. Tulicheza na Merseyside Red na London FC badala ya Liverpool na Chelsea na tukaona sawa tu, kwa sababu Adriano wa Inter kwenye PES 6 akipiga kwa kushoto ulikuwa unaliona shuti lilivyotoka. Leo kwa mara ya kwanza naiona gemu ya EA ikijaribu kuuacha mpira uwe mpira.

Na Konami nao? Hapa nina huzuni kidogo, nikuambie ukweli. Septemba 2021 waliachana na jina la PES wakaleta eFootball ya bure, na ile siku ya kwanza dunia nzima iliwacheka: nyuso za Messi na Ronaldo zimepinda, wachezaji wanapitana kama mizimu. Ilibidi waombe radhi, na toleo lililokamilika la 1.0.0 likaja Aprili 2022. Tangu hapo wamejenga. Ukicheza eFootball leo, pasi yao bado ina ladha, mchezaji akipokea mpira na mguu asiouzoea unaona anavyohangaika. Hawa watu mpira wanaujua.

Halafu dunia ina mambo. EA na shirikisho la FIFA walishindwana mwaka 2022 baada ya kuwa pamoja tangu 1993, FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo, na kuanzia 2023 ikaitwa FC. Sisi tukadhani FIFA watatengeneza gemu yao. Badala yake wakaenda kwa Konami: FIFAe World Cup ya 2024, kombe la dunia la gemu, ilichezwa kwa eFootball, fainali zake Riyadh, mwezi wa Desemba. Yaani jina tulilokuwa tukilitaja kila siku kwa gemu ya EA limehamia kwenye mashindano ya mpinzani wake. Hapa kibandani vijana wote bado wanaiita FIFA, na sijaona sababu ya kuwarekebisha.

Kinachonihuzunisha ni Master League, ile sehemu ya PES ya kuikuza klabu yako msimu baada ya msimu. Waliahidi itakuja ndani ya eFootball, na mpaka leo ninapokuandikia hatujaiona. Unakumbuka ile timu ya kuanzia? Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele. Watu wasiojulikana na mtu, hela huna, daraja la pili, na baada ya misimu kadhaa unawatoa jasho Inter. Ile ilikuwa Mbeya City ya 2013/14 kabisa, timu imepanda Ligi Kuu msimu huo huo chini ya Juma Mwambusi, inamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba yuko chini yake. Ndiyo maana watu wa nyanda hizi tuliipenda Master League kuliko kitu kingine chochote. Eti mtu akufungulie gemu bure, halafu cha kwanza anachokuletea ni pakiti za kadi za Cruyff na Beckham! Timu yenye kila nyota tangu siku ya kwanza ina utamu gani wa kuijenga?

Na EA wasijione watakatifu, kwa sababu hizo kadi wao ndio waliozikomaza. Ultimate Team ilianza tangu FIFA 09, na Ubelgiji iliwabana mpaka Januari 2019 wakaacha kuuza FIFA Points, hela za ndani ya gemu za kununulia pakiti, kule. Nakusihi, kwenye mashine ya kibanda usiunganishe namba ya malipo ya mtu yeyote. Kijana wa kidato cha pili akiziona zile pakiti zikifunguka na mwanga wake, hawezi kujizuia.

Career ya FC 26 imejaribu kuziba pengo la Master League. Kuna kitu kinaitwa Manager Live, wanakupa mazingira maalumu ya kutimiza, mengine mafupi kwa mtu asiyekuwa na muda wa msimu mzima. Makocha wa timu nyingine nao wanafukuzwa na kuajiriwa msimu ukiendelea, kwa hiyo ligi ina uhai. Unaweza pia kuanzisha klabu yako mwenyewe, ingawa hilo lilikuwepo tangu FIFA 22. Jezi utachagua kwenye walizokupangia wao. Huwezi kuingiza picha yako, na hapo ndipo PES 2021 inapobaki mfalme: unachomeka flashi, unaingiza jezi ya zambarau ya Mbeya City yenye mstari na nembo unavyotaka, unaingiza Prisons, Simba, Yanga, na ligi yetu inakuwepo. Wa EA hawana ligi yetu, wa eFootball wameondoa hata sehemu ya kuhariri. Nimewaona vijana hapa wakicheza derby ya Mbeya kwenye PES huku PS5 imekaa bure pembeni.

Sasa tuje kwenye biashara, maana ndiyo uliyoniuliza.

Kibandani weka Competitive. Niliijaribu Authentic na vijana wa mchana wakasema gemu nzito. Wana haki. Mtu ameweka hela yake mezani, anataka magoli, na kwa utaratibu wetu wa mshindi anakaa, aliyefungwa anapisha, mechi zikiisha bila kwa bila zinakwenda kwenye penalti, foleni inakua na wa nyuma wanaondoka kwenda kwa jirani. Authentic ni ya usiku, ya wewe na mimi, nusu ndefu, chai mezani, hakuna anayesubiri.

La pili, vidole. Vijana wako wamekulia kwenye PES, shuti kwao ni mraba na krosi ni duara. Kwa EA ni kinyume. Nimemwona kijana kabaki yeye na kipa, amemtoka beki vizuri kabisa, akabonyeza mraba, mpira ukapaa kwenda jukwaani. Alikasirika mpaka akataka kurudishiwa hela. Kabla hujafungua mlango, ingia kwenye mipangilio ya padi, chagua Alternate, inayobadilishana vitufe vya shuti na krosi, na ufanye hivyo kwa kila padi, siyo ya kwanza tu. Anayetaka ile ya kawaida atabadilisha mwenyewe.

La tatu, nunua diski. Kule Marekani ilitoka ikiuzwa karibu dola 70, kwa hiyo ukifika dukani utaelewa kwa nini nakusihi ununue moja. Diski utaiuza ukiichoka, au utabadilishana na mwenzako. Masasisho yake ni makubwa, yashushe usiku kwa bando la usiku, na hakikisha umeme wa LUKU hauishii njiani.

Kwenye zile PS4 mbili acha PES 2021 kwenye moja na eFootball kwenye nyingine. eFootball haikugharimu kitu, na wanaoicheza kwenye simu kule stendi ya bodaboda wanakuja kibandani kuicheza kwenye skrini kubwa. Nimeliona hilo hapa: mtu ana kikosi chake kwenye simu, amekikuza miezi, anataka kushika padi halisi aone kama ujanja wake unatembea. Hao ni wateja ambao FC 26 haitakuletea.

Binafsi, ungeniuliza ipi ina moyo, ningekwambia bado ni Konami ya zamani, ile ya kabla ya bure. Lakini gemu huchezwa iliyopo, na iliyopo leo, usiku, kwenye Authentic, na Le Havre yangu inayopigania kubaki Ligue 1, inanirudisha uwanjani kwa namna ambayo sikuwahi kuitegemea kutoka kwa EA. Msimu bado mbichi. Samatta ana magoli machache, ila kila moja amelitolea jasho.

Ukiinunua niandikie wanachuo wanasemaje, hasa kuhusu kukaba, maana hapo ndipo wengi watakapoteseka wiki za kwanza. Na lile faili lako la jezi za Ligi Kuu, nitumie kwenye flashi na basi lolote la asubuhi, nitampokea kondakta pale kituo cha Kabwe. Mbeya City wamerudi Ligi Kuu msimu huu, na faili nililonalo mimi ni la kabla hawajashuka, nusu ya kikosi wameshaondoka.

Msalimie mama sana.

Ni mimi ndugu yako,
wa Mwanjelwa