Kijana anaweza kufuga nyoka mgumu, ila sio yeyote

Mhariri, watu wanasema kijana au anayeanza asiguse kabisa nyoka wagumu kufuga, mi sikubali. Kijana aliyesoma akafunga themostati (kifaa cha kudhibiti joto) na kipima unyevu kwenye kizimba wiki kadhaa kabla nyoka hajafika namwamini kuliko mtu mzima aliyenunua kwa pupa. Ila yule chatu wa Asia anayeweza kupita mita 6 hapana jamani, huyo hata mzoefu hamshiki peke yake, na wenye sumu ndo kabisa. Halafu hata chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira, anaishi miaka 20 hadi 30 na anaweza kugoma kula miezi, sasa kijana akienda chuo nani atabaki naye? Mzazi aulizwe hilo kwanza.