Risala ya Wahitimu wa Darasa la Saba kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi wetu, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu kijijini kwetu, huku visiwani katika delta ya Rufiji. Pole pia, maana asubuhi tulikuona ukishuka mashuani viatu mkononi, suruali umeikunja hadi magotini. Tope la huku halijui cheo.

Madawati tunayo na tunashukuru. Leo wahitimu tumekubaliana kuomba kitu kimoja tu: gati.

Mwalimu wa Hisabati alitufundisha kwamba kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa takribani dakika 50 kuliko jana yake. Kengele ya shule haichelewi. Kwa hiyo zipo wiki ambazo walimu wanaovuka kutoka Nyamisati hutukuta vipindi viwili vimeshapita. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo balaa: maji yakipwa, mashua inakaa juu ya tope na abiria wake mpaka yajae tena. Mwaka huu vitabu vilifika wakati wa kupwa, vikabebwa vichwani na wazazi. Boksi moja liliponyoka. Ndiyo maana vitabu vya Sayansi vya darasa la tano vina rangi ya ugoro. Mama mjamzito naye hubebwa kitandani na wanaume wanne. Wenyewe wapo hapa, hatutaeleza zaidi.

Kule Nyamisati gati tumeliona. Abiria wa Mafia wanapanda MV Kilindoni na viatu vyao miguuni. Sisi hatuombi kubwa kama lile. La kwetu liwe dogo, la zege, lenye ngazi zinazoshuka hadi maji ya kupwa, kwani gati la juu halimfai mwenye mtumbwi. Wazee waliwahi kujenga la boriti. Wadudu wa majini wakatoboa nguzo, mafuriko ya masika yakamaliza kazi. Na mikoko ingawa imetuzunguka, ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Mahali penye kina hata maji yakipwa wavuvi wanapajua. Tafadhali waulizwe kabla ramani haijachorwa, siyo baada. Wazazi wameahidi mchanga na nguvu zao.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala hii ilikuwa na ukurasa wa pili. Tumeuacha, kwa sababu maji yameanza kutoka na nahodha wako anatupungia mkono.

Tunaomba kuwasilisha.