Usimponye Paa

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na picha za watoto nimeziona. Yule mdogo kachukua paji la uso la bibi yako moja kwa moja. Mama yangu kayasema hayo kabla sijamwambia mtoto ni wa nani. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Kuna mambo ya nyumbani nitakueleza mbele, lakini hili la hadithi ya paa limenikaa moyoni tangu niliposoma barua yako, na nataka nianze nalo.

Unasema watoto walikuomba hadithi, ukawapa ile ya bibi, ya maskini na paa, na ulipofika pale paa anapougua ulimi ukakushinda. Ukawaambia yule bwana alijuta, akampikia paa uji kwa mkono wake, paa akapona, wakaishi raha mustarehe. Watoto wakalala wamefurahi. Kisha ukaniuliza: "Kuna ubaya gani?"

Shoga yangu, mimi naona ubaya upo, na nakwambia kwa sababu nakupenda na kwa sababu hadithi ile tuliipokea pamoja, wewe na mimi, ubavu kwa ubavu kwenye mkeka mmoja.

Hebu irudie kichwani ilivyo. Mtu alikuwa na mali, ikamwishia, akawa hana kazi ila kuchakura jaani kama kuku, aokote punje za mtama atafune. Siku moja akaokota thumni. Akapita mtu anauza paa, maskini akatoa ile thumni akanunua paa mmoja, na watu wakamcheka: mwenyewe hana chakula, anafuga nini? Kumbe paa anasema. Paa akaokota almasi, akaenda nayo kwa sultani mbali huko, akamposea bwana wake binti wa sultani, akampa na jina kubwa, Sultani Darai. Akaenda akamuua nyoka mwenye vichwa saba, nyumba ya nyoka na mali yake yote ikawa ya bwana wake. Kisha paa akaumwa. Akamtuma mama mzee aliyekuwa akikaa katika nyumba ile aende kwa bwana akaseme paa anaumwa, na bwana akajibu apikiwe uji wa mtama mbovu, kwani si paa tu niliyemnunua kwa thumni? Mkewe akalia, akamsihi, hakusikia. Paa akafa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Usiku ule mke akaota yuko kwa baba yake, akaamka yuko kwa baba yake. Na yule bwana akaota anachakura jaani, akaamka anachakura jaani. Watoto wakapita njiani wakamwuliza, "Ulikuwa wapi wewe siku zote hizi? Sisi tulidhani umekufa."

Basi. Bibi alikuwa akifika hapo hatii neno lake. Hasemi "akaadhibiwa", hasemi "mnaona sasa". Alikuwa akinyamaza kidogo, halafu anaifunga kama walivyofunga waliomtangulia: "Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, ni yangu mimi niliyeitoa." Akishasema hivyo huwezi tena kumwuliza, maana keshakupa. Wema wa hadithi ni wako na wake, ubaya kaubeba yeye peke yake. Sijui adabu nyingine ya kumaliza jambo inayonipendeza kuliko hiyo.

Na wewe ndiye uliyekuwa hulali! Umesahau? Ulikuwa ukinifinya gizani: "Mke kosa lake nini? Yeye si alimlilia paa, mbona naye kapoteza nyumba?" Mimi nikisema kupelekwa kwa baba yake ni malipo mema, ametolewa kwa mume asiye na shukrani. Wewe ukisema si malipo, ni msiba, kwani hakuaga. Tulibishana miaka, na hata leo tungeweza kubishana. Sasa niambie, wanao watabishana nini ikiwa paa kapona na wote wakafurahi? Umewapa usingizi wa usiku mmoja, ukawanyima ugomvi wetu wa miaka.

Tena si kwamba bibi ndiye aliyekuwa mkali akaitilia uchungu kwa kupenda kwake. Edward Steere, yule mmisionari wa Kiingereza, aliichukua hadithi hii kwa watu wa Unguja, akaichapisha London mwaka 1870, na paa kafa humo vilevile, bwana karudi jaani vilevile. Zaidi ya miaka mia na hamsini watoto wa pwani wamelala na mwisho ule, wakaamka wazima. Jaa la mwanzo linalingoja jaa la mwisho. Ukimponya paa, lile jaa la mwanzo linabaki limetajwa bure.

Hata hiyo "raha mustarehe" tunayoipachika kila mahali, wazee hawakuiachia hewani. Katika hadithi za Alfu Lela U Lela, watu wakishaoana na kupata ufalme, msimulizi hasemi wakaishi kwa furaha akakomea hapo. Anasema waliishi hivyo mpaka akawajia mkata ladha za dunia na mtenganisha makundi, yaani mauti. Nusu ya pili ya sentensi ndiyo tuliyoiacha njiani. Watoto wa siku hizi, wa kwako huko na wa kwetu hapa, wanaipata nusu ya kwanza peke yake kwenye katuni, na wanapokutana na nusu ya pili maishani hawana pa kuiweka.

Sasa naja kwenye lile ambalo nadhani ndilo hasa. Naomba unisamehe nikigusa pabaya.

Naamini hukushindwa na paa. Ulishindwa kwa sababu ya bibi. Ulipigiwa simu ukaambiwa, "Bibi hali yake si nzuri, muombee dua," na wakati huo bibi alikuwa keshazikwa. Ukalala unaomba dua ya mgonjwa, ukaamka unaomba dua ya mgonjwa, na siku ya pili ndiyo ukaambiwa. Umeandika kwamba hilo linakuuma kuliko kifo chenyewe, na mimi nakuunga mkono. Najua kwa nini wanafanya hivyo. Ni desturi yetu ya zamani: mtu aliye safarini haambiwi "baba yako amekufa", anaambiwa "mgonjwa amezidiwa, jitahidi uje", asije akaanguka njiani peke yake, akifika mlangoni aone turubai na watu, apokelewe mikononi. Ni huruma ile, na kwa mtu anayetoka Korogwe au Muheza kwa basi ina maana yake, kwani saa chache tu atakuwa ndani ya mikono ya watu. Lakini wewe uko Birmingham. Hakuna mlango wa kuufikia jioni ile, hakuna mikono. Kwako maneno yale yalibaki kuwa uongo wa siku mbili, na mtu mzima hastahili hivyo. Nimewaambia waliokupigia, kwa heshima, na wamenisikiliza.

Wala si kweli kwamba sisi watu wa Kiswahili hatuwezi kusema mwisho waziwazi. Unakumbuka Radio Tanzania, matangazo ya vifo? Jina la marehemu, alipofia, mazishi lini na wapi, halafu "habari ziwafikie" fulani wa Arusha, fulani wa Kigoma, fulani wa Mtwara, nchi nzima inasikia. Mtu alikuwa akiupokea msiba wake kwenye redio ya jirani, na jirani palepale kainuka kumshika. Ilikuwa chungu lakini ilikuwa kweli, na hukuwa peke yako. Na mbele zaidi huko, kwa wanawake wenzetu, yupo Mwana Kupona wa Siu, kisiwani Pate. Alipomtungia binti yake utendi, mnamo 1858, alimwambia wazi kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha akamwita asogee karibu na wino na karatasi ampe wasia. Hakumwambia nitapona. Alimpa mwisho wake mkononi akiwa hai, na binti akawa nao maisha yake yote.

Basi na mimi nataka nikupe wa bibi, ulivyokuwa, usioponywa na usiotiwa chumvi. Hukuupata kwa mtu, utaupata kwangu.

Alianza kwa homa na kifua. Hospitali alikwenda, akarudishwa na dawa, akakataa kurudi tena. Usiku wa mwisho tulikuwa watatu chumbani. Watu wengi wameniuliza alisema nini mwisho, wakitaraji neno kubwa. Aliuliza kama banda la kuku limefungwa. Tukamwambia limefungwa. Hakuuliza kitu tena. Shangazi yako akawa anamtamkia shahada pole pole, na yeye akiifuatisha kwa midomo, sauti haitoki. Akafa kabla ya adhana ya alfajiri. Hakupiga kelele wala hakuhangaika, ila naapa kwamba kupumua kulimtaabisha, sitakuficha hilo. Jina lako alilitaja mchana ule, si usiku. Alisema, "Yule na baridi ile," akatikisa kichwa.

Tulimwosha sisi wanawake wa mtaani, mimi nilikuwa mmoja wa walioshika shuka. Alikuwa mwepesi. Alizikwa baada ya Adhuhuri. Makaburini hatukwenda, lakini kaka yangu kanisimulia: imamu aliuliza, "Marehemu mlikuwa mnamjua vipi?" na wanaume wakajibu kwa sauti moja, "Mtu mwema," na mmoja nyuma akaongeza, "Na vitumbua vyake," watu wakalia na kucheka pamoja. Ndani kwetu kila aliyeingia alisema, "Poleni, mbele yake nyuma yetu," na sisi, "Tushapoa." Nimeyasikia maneno hayo tangu utoto nikidhani ni ya kupitisha tu. Mara hii yalinishika. Mtu hasemi bibi kaisha. Anasema katangulia, na mimi ninayesema nimo nyuma kwenye foleni ileile. Anakupa pole huku anajitaja na yeye mwenyewe.

Siku ya tatu likaanuliwa tanga. Mzee wa upande wa babu yako alisimama akasema anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu aseme, au aje faragha. Kwa kweli hapo ndipo nilipoona kwamba mambo yamefika mwisho, kuliko hata walipolibeba jeneza. Deni likitajwa, maisha ya mtu yanahesabika, yanafungwa, watu wanaruhusiwa kurudi makazini. Wewe hukuyasikia maneno "tanga limeanuliwa, kila mtu aendelee na shughuli zake". Basi yasikie kwangu. Limeanuliwa. Huna tena haja ya kumwombea dua ya mgonjwa.

Na watoto, usiwaogopee. Walipokuuliza "bibi yuko wapi" ukawaambia amelala, wakakuuliza ataamka lini. Wewe mwenyewe umeniandikia hivyo. Waambie amekufa, na mwambie yule mkubwa kuhusu banda la kuku, atalipenda. Kisha usiku mwingine rudia hadithi ya paa, na safari hii ifikishe. Wakilia, walie mbele yako. Wakikuuliza mke kosa lake nini, usijibu.

Sasa yale ya nyumbani. Hitima ya arobaini itasomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya Adhuhuri, na nimeshazungumza nao: utawekwa kwenye simu tangu mwanzo wa kisomo mpaka dua, si kupigiwa baadaye kusimuliwa. Kama unataka kuchangia mchele au mbuzi, nijulishe mapema, bei ya mbuzi imepanda. Mkufu wa bibi na zile kanga zake za sandukuni shangazi kaziweka, anakungoja mwenyewe uje uchague.

Jambo jingine: siku ile ya tanga alikuja mama mmoja wa barabara ya kumi na tano, akasema bibi alikuwa anamdai fedha za vitumbua vya harusi ya mwanawe, na kwamba bibi alishamwambia akipata ampe mjukuu wake aliye Uingereza. Kaniletea zote, ziko kwangu kwenye bahasha. Shangazi anajua. Ukitaka nitazitia kwenye sadaka ya arobaini, ukitaka nitakutumia kwa simu, au nikuwekee mpaka utakapokuja. Niandikie upesi nijue nifanye lipi.

Wasalimie baba watoto na watoto wote, na yule mwenye paji la uso la bibi mbusu mara mbili.

Wasalaam,
Shoga yako