Bathdei ya mwaka mmoja, mwenyewe ale pia

Mhariri, naomba nafasi nitoe langu la moyoni kuhusu hizi bathdei za watoto wa mwaka mmoja manake huku Kisauni zimekua kama harusi, keki ya ghorofa ya kuagiza, baluni mlango mzima, mtu anakopa kwa chama, halafu ukiangalia meza yote hakuna hata kitu kimoja mwenye bathdei anaweza kula. Mtoto ana meno manne, anawekewa njugu, bisi, peremende na mabuyu! Mabuyu sote wana Mombasa twayapenda lakini ile mbegu ikimwendea vibaya yamkaba, na njugu na bisi ni hivyo hivyo. Hata zabibu mkate vipande vinne kwa urefu jamani.

Mtoto wa mdogo wangu alipotimiza mwaka juzi tulikaa kina mama wa nyumbani tukakubaliana hakuna kuagiza, na keki yetu ilikua mkate wa sinia. Mchele tuliroweka usiku kucha, asubuhi ukasagwa kwa blenda na tui zito, hamira na iliki, ukaachwa uumuke mpaka unatoa povu, na hapa ndio nataka kina mama wanisikize, kabla sukari haijatiwa tulichota bakuli moja la mtoto tukapondea ndizi kisukari zilizoiva mpaka ganda lina madoa, utamu ule watosha kabisa. Sinia mbili, kubwa ya wageni na ndogo yake, mkaa kidogo chini na mwingi juu, mtaa mzima ukanukia iliki. Alikula kwa mikono miwili huyo mtoto mpaka masikioni, na picha zilitoka nzuri sana.

Wakubwa walikua na viazi karai, katlesi, kaimati na juisi ya ukwaju. Yeye viazi vyake vilipondwa kabla ya pilipili na chumvi, na nguru wa kuchemsha aliyechambuliwa miba.

Najua wako watakaosema aonje kidogo tu, siku yenyewe ni moja. Lakini soda kwa chupa ya mtoto mie nimeiona, na si siku moja. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 lasema watoto wa miezi 6 mpaka 23 wasipewe vinywaji vya sukari, wala vyakula vilojaa sukari na chumvi. Na asali pia, kabla hajafikisha miezi 12 ni hatari, yaweza kua na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kushindana navyo, kwa hivyo kama sherehe mmeileta mbele ili iangukie wikendi asali msimpe.

Nyonyo aendelee nayo, mpaka miaka 2 na zaidi, hata siku ya sherehe yenyewe mama apewe nafasi akae pembeni amnyonyeshe, si kupigwa picha tu mpaka mtoto alie.

Ombi langu kwako mhariri, mtutengee ukurasa wa mapishi ya watoto wadogo, vyakula vyetu vya pwani. Mkate wa sinia mie nishautoa, lakini kuna kina mama wa Mji wa Kale wanaojua vitumbua na vibibi kunishinda, waandike na wao.

Shangazi mtu,
Kisauni, Mombasa