Mahojiano ya wakulima si chakula cha akili unde

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa akili unde (AI) vyuoni hapa Moshi umekwama kwenye kuruhusu au kupiga marufuku. Tungependa uhamie kwenye swali jingine: mashine ikishamaliza kazi, mwanafunzi anaweza kuikagua?

Amri za kuchakata takwimu zinakagulika. Aliyekwama kwenye Stata au R, programu za kuchambua takwimu, aiombe mashine amri, kisha azijaribu kwa mistari 20 ya data aliyokwisha kuikokotoa kwa mkono. Majibu yakilingana, aendelee. Kwa asiye na fedha za kumlipa mtakwimu, huo ni msaada mkubwa.

Marejeo yanataka uangalifu zaidi. Programu za akili unde hutunga kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, ndiyo maana huweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Chukua namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, iingize doi.org, linganisha kichwa, waandishi na mwaka. Usiishie hapo. Fungua makala usome, kwa sababu inaweza kuwepo na ikawa inasema jambo jingine kabisa.

Linalotutia hofu kuliko yote ni mahojiano. Katika unukuzi, yaani kugeuza sauti kuwa maandishi, sauti moja ikipotea, "hatakopa" inakuwa "atakopa", na matokeo yamepinduka. Kichaga kikichanganyika na Kiswahili makosa huzidi, na penye ukimya mashine huweza kujaza sentensi ambayo hakuna aliyeitamka. Sikiliza angalau dakika 10 za kila rekodi, maandishi yakiwa mbele yako, na kila nukuu utakayoitumia isikilize yote.

Tena, kufuta jina hakumfichi mtu. "Katibu mwanamke wa chama cha msingi cha kahawa, Kibosho" anajulikana na kijiji kizima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na mkulima aliyekubali kurekodiwa hajakubali sauti yake ipakiwe kwenye seva za kampuni ya ng'ambo. Fomu ya ridhaa imweleze hivyo kwa Kiswahili chepesi. Akikataa, Whisper, programu ya kunukuu sauti, hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti, ingawa kwa kompyuta ndogo inakwenda polepole.

Kwa wasimamizi: msimhukumu mwanafunzi kwa asilimia ya programu ya kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwiteni, awaonyeshe rasimu zake na amri zake, aeleze kwa nini alichagua kipimo kile.

Tunaviomba vyuo vidai ukurasa mmoja katika kila tasnifu, unaotaja programu iliyotumika, toleo lake, tarehe, na kazi iliyofanya.

Wahadhiri wa mbinu za utafiti,
Moshi